Mkono wa Bia Mbili

Mmeniomba niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Ninachosahau ni mahali nilipoweka miwani. Ila kwa kuwa funguo za karakana nimeshazikabidhi, na asubuhi sina pa kwenda zaidi ya zizini, nitaandika, nanyi mtausoma mwandiko wangu hivyohivyo ulivyo. Shule niliiachia darasa la tatu, mama alipojifungua mapacha na mbeba maji wa nyumba akawa mimi. Sijawahi kuona aibu kwa hilo. Shaba haijawahi kuniuliza cheti.

Nani alipewa cheo gani na nani alilipwa nini, hayo hamtayakuta humu. Nitawaeleza nilivyoingia, walionifundisha, na ile kazi moja ambayo kila mgeni huiulizia akishafika mlangoni kwetu, kwa sababu mlango wetu una mkono na milango mingine ina kitasa.

Nilishuka mjini kutoka Rombo nikiwa mwanamke mbichi, nina watoto wawili na mume aliyekuwa hodari wa kutafuta kazi kuliko kuifanya. Nikawa nauza mkaa, halafu pumba za mpunga. Watu wananicheka mpaka leo kwa jina la Mama Pumba, hasa nyie vijana ambao pumba kwenu ni maneno ya hovyo. Chekeni. Pumba hizo ndizo zilizonifungulia mlango wa Fundi Salimu.

Fundi Salimu alikuwa na karakana Njoro, nyuma ya nyumba yake. Baba yake alikuwa mtu wa pwani, mama yake Mpare, yeye mwenyewe kazaliwa hapahapa Moshi, na Kichagga alikisema vizuri kuliko mimi nilivyokisema Kiswahili. Alikuwa anayeyusha shaba na kumimina madele ya kahawa, koki za maji, kengele za mbuzi, taa za mahekalu ya Wahindi, vinara vya makanisa. Pumba alizihitaji kuchanganya kwenye udongo wa kalibu, kile kifuko cha udongo ambacho ndani yake shaba inaingia na kupata umbo.

Siku ya kwanza nimefika na gunia kichwani, nikamkuta anakanda udongo. Nikatua mzigo, nikautazama ule udongo, nikashindwa kunyamaza.

"Shikamoo, fundi. Udongo wako utapasuka."

"Marahaba. Wewe unauza pumba au unauza maneno?"

"Pumba nauza. Maneno nakupa bure."

Aliacha kukanda, akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kilemba. Nikamwambia bibi yangu ni mfinyanzi wa Usseri, na kwamba udongo ule ameuchukua mtoni jana tu, haujalala. Bibi yangu udongo alikuwa anaulaza chini ya majani ya migomba mpaka unanuka, ndipo anaugusa. Fundi Salimu akasema, "Basi ulaze wewe, tuone." Nikaulaza. Kalibu zilizofuata hazikupasuka. Hakunisifu. Alisema tu, "Kesho njoo mapema," na hiyo ndiyo barua yangu ya ajira.

Ndani nilimkuta Kalisti, mchonga nta. Mwana wa katekista wa Kibosho, mpole, anachonga huku anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya pua. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kwa nta ya nyuki kile kitakachokuwa shaba. Nta inafunikwa na udongo, udongo unachomwa, nta inayeyuka na kutoka, shaba inaingia palepale ilipokuwa nta. Ukiona mkwaruzo kwenye nta, utauona kwenye shaba. Kalisti alijua hilo, ndiyo maana kinara kimoja kilimchukua muda wa mtu mwingine kujenga banda.

Kwa muda mrefu niliishia kwenye udongo na kung'arisha. Kumimina sikuruhusiwa. Wazee wa mlimani wanaopita karakana walikuwa wanasema mwanamke akisogelea moto wa mhunzi, chuma kinagoma. Fundi Salimu hakuwa mtu wa mlimani, lakini hakutaka maneno na wateja. Nikawa nasimama nyuma nikimeza ule moshi mweupe wa shaba kama wanaume, nakunywa maziwa ya kuukata kama wanaume, ila koleo sishiki. Niliona ni upuuzi na nilimwambia ni upuuzi. Akaniambia, "Najua." Tukaendelea.

Miaka ile ya mwanzo shaba ilikuwa ya kuwindwa. Koki iliyokufa, kitasa cha nyumba iliyobomolewa, kirungu cha kitanda cha zamani, vyote tulivipokea kama wageni wa heshima. Kisha ruksa ya kuleta bidhaa za nje ikaja, maduka yakajaa. Zikaja koki za nje, nyepesi, rahisi, zinavuja baada ya mwaka. Zikaja birika za aluminiamu, madele yakafa. Wenzetu wengi wakafunga, wakaenda kuuza mitumba. Sisi tulibaki kwa sababu Fundi Salimu alisema, "Vikija vipya vingi, vya zamani vitavunjika na mwenyewe atalia. Sisi tutengeneze vya anayelia." Tukawa watu wa matengenezo: matarumbeta ya bendi za harusi, kengele za makanisa, taa za mahekalu. Na hapo ndipo anaingia Bibi Kusuma.

Pumba nilikuwa nazifuata Mabogini, kwenye mashine za kukoboa mpunga. Jirani na mashine aliishi mhandisi mmoja wa mifereji, mtu wa Sri Lanka, aliyekuja na mama yake mzazi. Mama huyo ndiye Bibi Kusuma. Mwanawe anashinda kwenye matope, yeye anashinda barazani, na Kiswahili alikiokota kwa wanawake wanaopandikiza mpunga, kwa hiyo alijua matusi kabla ya salamu.

Siku moja akaniita. "Binti! Mikono nyeusi hiyo. Unapika nini?"

"Shikamoo, Bibi. Napika shaba."

"Marahaba. Shaba? Njoo, njoo uone."

Ndani, juu ya rafu iliyo juu kuliko kichwa chake, alikaa Budha wa shaba, kimo chake kama mtoto anayejifunza kukaa. Amekunja miguu, mkono wa kushoto umelala mapajani, wa kulia umeshuka juu ya goti na vidole vinaelekea chini. Rangi yake ya kahawia iliyoiva, kama kahawa iliyokaangwa. Mimi nikaona kazi.

"Bibi, nipe wiki moja. Nitakurudishia anang'aa kama tarumbeta la harusi."

Nikanyoosha mkono kumshusha kwa kumshika bega. Kabla sijamgusa, yule bibi mdogo kama kuku alinikamata kiganja kwa nguvu ambazo sikuzitarajia.

"Huyu haendi harusi," akasema.

Nyie mnaobaki, sikilizeni alichonifundisha siku ile, kwa sababu bado naona mtu anakuja na sanamu ya watu na nyie mnakimbilia msasa. Ile rangi ya kahawia si uchafu. Ni mikono ya baba yake Bibi Kusuma, ya bibi yake, moshi wa ubani, miaka. Ukiiondoa kwa ndimu na majivu, au kwa dawa ya kopo, umemchubua ngozi. Unafuta vumbi kwa brashi laini, kisha kitambaa cha pamba, khanga iliyochakaa ndiyo bora. Kukiwa na unyevu, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha unakausha hapohapo. Ukiona unga wa kijani kwenye mikunjo, huo ndio ugonjwa, utoe taratibu kwa kijiti cha mti, usitumie chuma. Mwisho nta ya nyuki, nyembamba kabisa. Na unapomwinua, mikono yako miwili chini ya kiti chake. Humshiki mtu mzima kwa sikio wala kwa mkono, ndivyo alivyosema Bibi, na mimi kama fundi naongeza kwamba hapo kwenye mkono ndipo shaba huwa nyembamba.

Basi ikawa nikifuata pumba, napita kwake. Chai ya maziwa yenye tangawizi, na Budha. Nilimwuliza kila kitu, sikuona haya.

"Mbona masikio marefu hivi?"

"Mtoto wa mfalme. Hereni za dhahabu, nzito sana. Siku moja akavua zote, akaacha nyumba. Masikio yakabaki hivyo."

"Babu yangu alikuwa na masikio hayohayo, na hakuwa mtoto wa mfalme. Alikuwa na ng'ombe mmoja."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Tangu hapo akitaka kunisalimia anauliza, "Ng'ombe wa babu hajambo?"

Akanionyesha kiti chake cha maua ya yungiyungi, ua linalotoka kwenye tope likiwa safi. Hilo sikuhitaji kufafanuliwa, mifereji ya Mabogini ilikuwa imejaa maua hayo. Juu ya kichwa mwali mdogo wa moto, akasema ni akili iliyowaka. Macho yamefumbwa nusu. "Hajalala," akasema, "anajitazama." Na chini ya kiti palikuwa na bamba la shaba nyekundu limegongwa kuziba tumbo lake. Ndani mna vitu vilivyowekwa na mtawa wa Burma aliyempa babu yake sanamu ile. Vitu gani? Hakujua. Baba yake hakujua. Haikufunguliwa, wala haifunguliwi.

Mkono wa kulia aliuacha mwisho. Akasema yule mtu alikaa chini ya mti akatafuta ukweli, na adui akaja kumwambia, wewe nani, nani shahidi wako? Hakubishana. Alishusha mkono, akaigusa ardhi. Ardhi ndiyo shahidi.

Nikaweka kikombe cha chai chini. Kwetu mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, unalindwa na isale, yale majani marefu ya kijani mnayoyajua. Nilikuwa mdogo jirani alipoingia shambani kwa baba, na nilimwona baba akichuchumaa penye isale, kaweka kiganja kwenye udongo, hasemi kitu. Wazee walipofika wakamkuta hivyo. Jirani akarudi kwake. Kwa hiyo mkono ule niliuelewa, sikuhitaji kwenda Burma.

Masika iliyofuata maji yaliingia kwenye nyumba ya mhandisi, wakaamua kuhamia Njoro, mitaa miwili kutoka karakana. Pikapu ikateleza kwenye tuta, sanduku lenye Budha likarukia mferejini. Sanduku waliliopoa. Budha alikuwa mzima, ila mkono wa kulia ulikatika kwenye kifundo na ukaenda na maji. Watu walisaka kwenye tope mchana kutwa, wakapata kamongo na kandambili.

Bibi Kusuma alikuja karakana mwenyewe, kamfunga Budha kwenye kitambaa cheupe kama mtoto mgonjwa. Akawaeleza Fundi Salimu na Kalisti kwa utulivu. Kwao, aliyevunjika hakalishwi mbele ya watu. Tangu ajali hajamwekea ua. Na mwezi mpevu wa Vesak ulikuwa unakaribia, sikukuu yao kubwa. Watu wa kwao wa Arusha na Dar walikuwa wanakuja kusali kwake, mara ya kwanza tangu ahamie nchi hii.

"Mwaka huu nimewaita," akasema. "Mwaka kesho, mimi na macho yangu, sijui."

Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, tulikuwa tunaliona hilo sote.

Fundi Salimu aligonga kiti cha sanamu kwa ukucha, akasikiliza. "Mkono tutamimina. Shida ni kuuunga. Nikipiga moto wa kulehemu kwenye kifundo, joto litatembea mpaka tumboni, na vilivyomo vitaungua."

"Fungua bamba, vitoe kwanza," akasema Kalisti.

"Kilichofungwa na mwenyewe mimi sikifungui," akasema Fundi Salimu. "Tumimine kwanza mkono. Moto tutaufikiria."

Wiki ileile nilikuwa na harusi ya mdogo wangu Rombo, na sikuwa mtu wa kukosa harusi. Nikamwachia Kalisti maelezo: mkono wa kulia, mkono wa mtu mtakatifu, vidole virefu, laini, visivyo na mishipa. Nikapanda zangu. Nikala, nikanywa mbege ya ndizi, nikacheza mpaka kiatu kikakatika.

Niliporudi, Kalisti alinipokea mlangoni anatabasamu kama bwana harusi. Wamemimina. Mkono umetoka safi, hauna tundu hata moja. Ulikuwa umelala juu ya gunia, unameta. Nikauinua. Vidole viwili vimenyooka, viwili vimekunjwa, dole gumba limegusa vilivyokunjwa.

"Kalisti. Hiki nini?"

"Mkono. Si ulisema mtakatifu?"

"Huu ni mkono wa Yesu anabariki!"

Akautazama kama ndio kwanza anauona. Maskini, maisha yake yote alichonga mikono ya makanisa, na mkono wake ulikwenda kule ulikozoea, kama punda wa sokoni. Nikauweka kwenye kifundo cha Budha kwa kuujaribu. Na kwa kuwa mkono wa Budha unashuka, vile vidole viwili vikaelekea mbele, pale juu ya goti, kwa utulivu kabisa.

"Anaagiza bia mbili," nikasema.

"Mama Pumba, ogopa Mungu!" Kalisti akapiga ishara ya msalaba. Lakini Fundi Salimu, ambaye bia hajawahi kuigusa maisha yake yote, alikuwa ameshageukia ukutani, mabega yanamtetemeka.

Baada ya kicheko ndipo tukaona balaa. Shaba ile ilikuwa yote tuliyokuwa nayo ya aina ile, njano iliyokolea, na mwezi ulikuwa unanenepa kila siku. Kilichobaki ni kuurudisha ule mkono kwenye chungu. Kalisti akakataa.

"Mimi mkono wa Bwana siutii motoni."

"Basi nipe mimi," nikasema, halafu na mimi nikakwama. Nimeshika koleo, siwezi. Nikamgeukia Fundi Salimu. "Wewe Mwislamu, yeyusha wewe."

"Wala usinitazame. Nabii Isa kwetu naye ni mtukufu. Siyeyushi mkono wa baraka wa mtu yeyote."

Kwa hiyo tukawa na mkono usioweza kuvaliwa na usioweza kuyeyushwa, watu wazima watatu tumeuzunguka kama kuku wageni. Ikabidi aitwe mwenye sanamu. Bibi Kusuma akaja, akaupokea, akaupapasa kwa vidole kwa sababu macho hayakumsaidia. Akapapasa tena. Kalisti akawa anaomba msamaha kwa lugha zote anazozijua.

"Huyu anasema nini, huu mkono?" Bibi akauliza.

Kalisti akajibu, "Anasema karibuni, Bibi. Mbarikiwe."

"Na binti anasema unasema nini?"

Nikamwambia. Jamani, sijawahi kuona bibi akicheka vile. Alikaa chini kwenye vumbi la mkaa na sari yake nyeupe, akapiga paja, akasema neno moja la wapandikizaji mpunga ambalo sitaliandika hapa. Alipomaliza kufuta machozi akasema, "Msiyeyushe. Mkono wa karibuni ni mzuri. Wekeni mahali watu wanapoingia." Siku ya pili mwanawe akatuletea koki na bomba kuukuu za shaba kutoka kwenye pampu iliyokufa Mabogini, rangi ileile iliyokolea. Shida moja ikaisha.

Ila Kalisti alikuwa ameingiwa na woga. Alitaka mkono wa kuuona, asiuachie mkono wake ufuate mazoea. Bibi akasema, "Mimi nitakaa," akakaa kwenye mkeka, akakunja miguu kama msichana, akashusha mkono. Mkao ulikuwa wenyewe, lakini vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi. Akaninyooshea kidole kimoja kilichopinda. "Wewe. Kaa hapa."

Nikakaa. Niliambiwa nikunje miguu, goti likalia, Fundi Salimu akauliza nani kavunja kuni. Nikashusha mkono wa kulia. Kalisti akatikisa kichwa. Nikarudia. Akatikisa tena. "Umeuning'iniza tu," akasema, "kama nguo kwenye kamba."

Bibi akaniinamia sikioni. "Adui kaja. Anasema hapa si kwako. Wewe utafanya nini?"

Nikamkumbuka baba penye isale. Sikufikiri zaidi. Mkono ukashuka wenyewe, vidole vikaigusa ardhi ya karakana, ile ardhi yenye mkaa na vumbi la shaba na pumba zangu mwenyewe.

"Hapohapo!" Kalisti akapiga kelele. "Usitoe, usipumue!"

Nilipumua, mtanisamehe. Lakini sikutoa. Alichonga asubuhi nzima na safari hii hakuimba hata wimbo mmoja. Mishipa aliilainisha na makovu ya moto akayaacha nje, ila urefu wa vidole, ukiupunguza kwa kimo cha Budha, ni wangu, nawaambieni, sikuongezewa hata kidogo.

Kalibu niliifinyanga mwenyewe, udongo uliolala, pumba, na kinyesi cha ng'ombe kilichochujwa. Masika haikaushi kitu, kwa hiyo tuliitundika juu ya jiko la mama ntilie wa jirani, ikakauka kwa joto la supu ya mtori ya watu. Alilalamika, tukamwahidi kumtengenezea mwiko wa shaba. Kalibu ikishakauka unaisogeza shavuni. Ukisikia ubaridi, bado, na ukimimina itakurushia shaba usoni. Niliisogeza shavuni, nikasikia joto tupu.

Siku ya kumimina Fundi Salimu aliwasha moto, akachoma kalibu mpaka nta ikatoka, akangoja mpaka shaba imekuwa kama jua la asubuhi, akaondoa taka juu. Kisha akashika koleo, akanigeukia mimi.

"Mkono ni wako. Mimina mwenyewe."

Mlangoni walikuwepo wazee wawili wa mlimani waliofuata kengele yao. Mmoja akasema, "Salimu, mwanamke?" Fundi Salimu akamjibu bila kugeuka, "Meku, mzee wangu, hapa ni Njoro. Kengele yako nayo alimalizia yeye, na umesifu sauti yake sasa hivi."

Nikamimina. Uzi mmoja, bila kukata, bila haraka. Nilihisi uzito ule mikononi kama mtoto anayetaka kuteleza. Kalibu ilipopasuliwa, vidole vyangu vilikuwa pale, vya shaba. Sikulia. Niliomba maziwa.

Ukabaki moto wa kuunga. Tulitoboa kifundo na mkono, tukatia pini ya shaba katikati kama mfupa, lakini bila lehemu ungecheza. Fundi Salimu alifikiria mchanga wenye maji, akafikiria matambara yaliyolowa, vyote akavikataa: maji ya matambara yanaisha kabla moto haujaisha, na ukisimama kumwagia, lehemu inapoa vibaya. Mimi nilikuwa nimekaa nje nakula ndizi. Nikautazama mgomba uliozaa ile ndizi. Mama yangu sufuria ya moto ya sherehe alikuwa anaipakata mapajani, kaifunga kwa maganda mabichi ya shina la mgomba, na hakuna aliyeungua. Shina la mgomba ni maji yaliyosimama wima.

Nikaingia na panga.

Tulimvika Budha maganda ya mgomba kuanzia kiti mpaka shingoni, tabaka juu ya tabaka, tukamfunga kwa kamba za mgomba huohuo, akabaki kichwa na kifundo tu. Kalisti akasema anafanana na mzigo wa ndizi unaokwenda sokoni Sanya Juu. Fundi Salimu akapuliza moto. Maganda yakatoa mvuke, yakachemka, yakanukia kama jikoni kwa mama, nami kiganja changu muda wote kilikuwa chini, kwenye lile bamba jekundu. Lingepata moto, ningepiga kelele. Lehemu ikakimbia kuzunguka kifundo, ikang'aa, ikatulia. Bamba lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Vipi?" Fundi Salimu akauliza.

"Baridi."

Ndipo akakaa, akavua kofia, akajifuta jasho, akacheka peke yake kwa muda.

Mkono ulikuwa mng'avu na mwili wa kahawia. Bibi alituzuia kuupaka dawa ya kuzeesha. Alisema utazeeka wenyewe, una wakati.

Asubuhi ya Vesak tulialikwa wote watatu. Wageni wamevaa nyeupe, nyumba inanukia ubani. Kalisti kavaa suti ya Pasaka. Fundi Salimu akabaki barazani, akasema yeye katengeneza, kusali ni shauri la wenyewe, ila chai ikitoka wasimsahau. Budha alikuwa juu ya rafu yake. Bibi Kusuma akasogea na sahani ya maua meupe, mwanawe akamshika kiwiko. Hakuweka ua kwanza. Aliinua mkono, akapapasa kifundo, akapatafuta palipoungwa, hakupapata. Akashuka kidole kimoja baada ya kingine, mpaka ncha, mpaka kwenye kiti.

Kisha akageuka, akaunyoosha mkono hewani, akasema, "Binti yuko wapi?" Nikasogea. Akanishika mkono wa kulia, akapapasa vidole vyangu vilevile, kwa mpangilio uleule, makovu na yote.

"Ndiye," akawaambia watu wake. Na kwangu akasema polepole, "Ng'ombe wa babu hajambo?"

Ndipo akaweka ua.

Tangu siku ile koleo lilikuwa langu, na hakuna chuma kilichogoma. Walikuja wengi baada ya hapo. Nilitengeneza sanamu za watu wa dini zote, na nilimfukuza mwenye hoteli mmoja aliyetaka Budha wa kutundikia kofia za watalii. Fundi Salimu alinikabidhi karakana akiwa hai na ana akili zake, akawa anakuja kila siku kunikosoa. Bibi Kusuma aliwahi Vesak nyingine nyingi kuliko alivyodhani, na mara ya mwisho nilipomwona Budha wake, mkono ulikuwa umeanza kuwa wa kahawia.

Na ule mkono mwingine mnaujua. Kalisti aliufunga kwenye mlango wa karakana, ukinyooka kuelekea anayeingia, kama Bibi alivyosema. Kila anayekuja anaushika ndipo anaingia: padri, shehe, Mhindi mwenye taa yake, mpiga tarumbeta, nyie wenyewe kila asubuhi mkiwa na usingizi. Nendeni mkautazame kesho. Haujawahi kupigwa msasa, haujawahi kuona dawa ya kopo, na ndicho kitu kinachong'aa kuliko vyote pale ndani.